Ombi la Kufukuzwa Gatini, Mimi na Mke Wangu

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Gati la Mashua Ndogo,

Shikamoo mzee. Natumai umeamka salama na nyumbani hawajambo. Mimi ni yule kijana wa mashua ya kijani, tanga lina kiraka chekundu, tumeifunga kwenye nguzo ya mwisho karibu na mapipa ya taka. Pengine hunijui, kwa sababu ukipita huwa nageuka najifanya nafunga kamba. Ile kamba ilishafungwa zamani, mzee. Nakuonea aibu tu. Ndiyo maana naandika.

Naomba utufukuze.

Si kwa ubaya. Mimi na mke wangu tumeoana juzijuzi, tukasema badala ya kukaa ndani tunatazamana kama wagonjwa, tuchukue mashua ya marehemu babu yake tukautembelee mji mkubwa, tuone taa, turudi. Hilo la kurudi tulikubaliana wote wawili, nakumbuka vizuri. Sasa mwenzangu harudi. Hajasema, lakini mimi ni mtu wa kuangalia, na nimeangalia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maji ya moto ya bafu lako. Kwenye mashua mtu anaoga kwa kopo, anamaliza. Hapa mke wangu akiingia bafuni mimi nachemsha chai, chai inapoa, naichemsha tena. Anatoka ananukia, anaimba. Mtu aliyezoea hivyo utamrudishaje kwenye kopo? Naomba maji yakatwe upande wa wanawake. Upande wa wanaume hayana tatizo.

2. Jirani yetu, yule nahodha mstaafu mwenye kofia. Kila asubuhi ananiita bwana harusi mbele za watu. Aliniomba nimsaidie kukwangua rangi ya mashua yake, nikashindwa kukataa, maana kukataa kunataka maneno mengi. Nimekwangua, nimepaka, hata rangi nimechagua mimi, bluu, imetoka vizuri mno. Sasa na jirani wa upande wa pili anataka. Jioni wananiwekea kiti tunacheza drafti, na nikila kete zao wanapiga kelele mpaka paka wa ofisi yako anakimbia. Huo ni usumbufu.

3. Mabasi ya mji huu yanasimama ovyo. Hili nisikilize vizuri, mzee. Kwenye mashua mke wangu anashika usukani, mimi nakaa mbele, na upepo unakula sauti, kwa hiyo tunaongea kwa mikono. Ngumi juu, tunaondoka. Kiganja mbele, ngoja. Kiganja chini, hapa tunatua. Kwangu ni raha, maana sijawahi kuwa na maneno ya kutosha. Basi siku ya kwanza kuingia mjini nikatangulia mimi kama kawaida, yeye nyuma. Kufika barabarani, magari hayana mwisho, nikanyoosha kiganja: ngoja. Mke wangu akangoja. Na basi nalo likangoja! Dereva kafungua mlango, abiria wote wanatutolea macho. Mimi ningeanzia wapi kumweleza kwamba nilikuwa naongea na mke wangu? Tukapanda. Konda akauliza tunashuka wapi, nikaonyesha mbele. Tukapelekwa mpaka mwisho wa barabara.

4. Mwisho wa barabara pana karakana ya kushona maturubai. Mke wangu anashona matanga tangu msichana. Alichungulia mlangoni, akaona mshono wa mtu, akacheka. Mwenye karakana, wanamwita Mama Turubai, akasema anayecheka aje akae kwenye cherehani tumwone. Akakaa. Mpaka leo anakwenda, na basi analisimamisha mwenyewe, kwa kiganja changu mimi! Naomba uwaandikie wenye mabasi wasisimame kwa mkono usiowahusu. Wakikataa, karakana ihamishwe. Ikishindikana, uhamishwe mji.

5. Jana kaleta ua kwenye kopo la rangi, kaliweka karibu na usukani. Ua lina udongo. Mtu anayeingiza udongo kwenye mashua, mzee, anatafuta nini kama si kiwanja? Kule majini ananihitaji, bila mimi tanga halipandi. Hapa akipata chumba chenye dirisha na wanawake wenzake wa kuongea nao, atanihitaji wa nini, mtu wa ngumi na kiganja?

Kwa hiyo njoo na mlinzi wako, mke wangu akiwepo, utufokee. Sema nguzo imepata mwenyewe. Mimi nitajifanya nasikitika. Nitainua ngumi, yeye atashika usukani, tutaondoka kama tulivyokuja, wawili.

Naishia hapa kabla mkono haujachoka. Nisalimie mama watoto, mlinzi wa geti, dada anayeosha bafu, na paka, mwambie drafti si vita.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu, ambaye hutamwona tena,

Kijana wa Mashua ya Kijani

N.B. Mzee, usije. Mke wangu kaikuta barua kwenye sanduku la vyombo kabla sijaileta. Kaisoma yote, kacheka mpaka machozi. Kumbe na yeye alikuwa ananiangalia. Anasema tangu anijue hajawahi kuniona nacheka na watu kama hapa, ndiyo maana akaleta ua. Akasema yuko tayari kuondoka hata leo, cherehani zipo kila mahali. Akaenda akashika usukani, akaniambia nikae mahali pangu mbele, niseme mwenyewe.

Nikauinua mkono nikunje ngumi. Wallahi, ulishuka wenyewe, kiganja chini.

Basi naomba ile nguzo mpaka mwisho wa msimu. Maji ya moto yaache kote. Kamba nimeifunga upya, safari hii kwelikweli. Ukipita nitajaribu nisigeuke.