Mechi ya Kumuaga Kapteni Sharnubi

Fikri Zanati alimwona Kapteni Sharnubi akila maharage bure, na hapo hapo akaipenda kazi yake.

Ilikuwa asubuhi, kwenye mkahawa ulio karibu na stesheni ya Dumyati. Mwanamume mrefu, kipara kimeanza kumeremeta, goti la kulia kalinyoosha chini ya meza, alikuwa anafuta bakuli kwa kipande cha mkate. Alipoingiza mkono mfukoni, mwenye mkahawa akapiga kelele.

"Wallahi hulipi! Wewe si Kapteni Sharnubi? Yule wa kichwa?"

"Kichwa ndicho hiki," akajibu yule mtu kwa unyenyekevu. Akakiinamisha, na mwenye mkahawa akakibusu.

Sasa elewa uzito wa jambo hili. Mimi nimezaliwa Dumyati, na kwetu nawasema nitakavyo, ila wewe usithubutu. Sisi ni mafundi wa fanicha, ni wachapakazi, na tuna mkono wa birika. Mgeni akitufikia jioni tunamuuliza kwa upole, "Utakula, au utalala mwepesi?" Kwa hiyo mtu wa Dumyati kumwachia mtu bakuli la maharage, na juu ya hayo kumbusu, lilikuwa tukio la kuandikwa kwenye historia ya mji. Fikri alikuwa ameishi mjini hapa maisha yake yote kwa kuwapiga watu changa la macho, na hakuwahi kuchomoa hata kitunguu kwa urahisi ule.

Na Fikri alihitaji dhahabu, tena haraka. Alikuwa anampenda Ihsan, binti wa duka la vitamu kule sokoni, mwenye ulimi mkali na mikono inayonukia shira. Alimpenda kweli, hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulidanganya. Mama yake Ihsan alikuwa amesema neno la mwisho: Alhamisi ya wiki ijayo Fikri alete dhahabu ya uchumba, pete na bangili na mkufu, kama wanaume wengine. La sivyo, kuna mfamasia mmoja mpole ambaye ameshaulizia mara mbili. Pete Fikri alikuwa nayo, kaipata kwa jasho, ingawa jasho lilikuwa la watu wengine. Bangili na mkufu alikuwa anaviona ndotoni tu.

Akavuta kiti. "Kapteni! Uliaga lini mpira? Mbona sikualikwa?"

Sharnubi akashusha pumzi ndefu. "Sikuaga, ndugu yangu. Niliambiwa."

Akaanza kusimulia, na Fikri akamwagizia chai, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kapteni alianza kwa mpira wa soksi kwenye vichochoro vya Mansura. Akachukuliwa na klabu, akakaa benchi mpaka akayajua mashimo ya benchi lote. Siku moja ya mechi na watani wa jadi, mshambuliaji mkubwa akapata mafua, Sharnubi akaingia, ikapigwa kona, akapaa, kichwa, nyavuni. Mji mzima ukalala barabarani kwa furaha. Kuanzia hapo watoto wakapewa jina lake, na yeye akapewa matarajio.

"Mshambuliaji akifunga, ni mtoto wa kila mtu," alisema. "Akikosa mechi tatu, mpaka mama yake mzazi anaulizwa kwa nini alimzaa. Nikakosa tano. Wakaniazimisha huku, wakaniazimisha kule, kama sufuria la jirani. Halafu goti likaondoka. Aliyeniambia kwamba mkataba umekwisha ni mlinzi wa geti. Akasema, 'Kapteni, rudisha bukta.'"

Machozi yakamtiririka. Hayakuwa mengi, yalikuwa kiasi kile kile ambacho shavu linaweza kubeba bila kumwagika. Meza za jirani zikamgeukia. Mtu mmoja akasukuma sahani yake ya bilingani mbele ya Kapteni.

Fikri aliyatazama yale machozi kama mtu wa kwetu anavyotazama mbao nzuri.

"Tutakuaga sisi," akasema. "Hapa hapa Dumyati. Mechi ya heshima, hotuba, kipaza sauti, na watu watakutunza kwa dhahabu. Heshima yote yako, na theluthi ya dhahabu. Zinazobaki zangu, kwa usumbufu."

"Mimi dhahabu nitaipeleka wapi?" Sharnubi akasema. "Ninataka heshima yangu tu. Sharti langu ni moja. Mchezaji anayeagwa haondoki uwanjani kwa miguu yake. Ndivyo ilivyo kwetu wa mpira. Nibebwe mabegani, kombe mkononi, mpaka nje ya geti."

"Nitakubeba mwenyewe!" akasema Fikri, moyo umemjaa. Dhahabu itakuwa ndani ya kombe, kombe liko mkononi mwa Kapteni, Kapteni yuko shingoni kwake. Itapotelea wapi?

Wakashikana mikono.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kufungua mikono ya Dumyati, na hiyo si kazi ya mchezo. Fikri akaenda kwanza kwa Haji Ghunaym, mfalme wa vitanda, akafunga mlango nyuma yake.

"Haji, hili liende nawe kaburini."

"Kaburi lenyewe ghali. Sema."

"Kapteni Sharnubi anaondoka kwenda nchi za Ghuba. Wanajenga hoteli, vyumba havihesabiki. Mwenye hoteli alikuwa shabiki wake, kamwambia: fanicha chagua wewe. Sasa Kapteni ni mtu wa shukrani. Yule atakayemtunza vizuri siku ya kuagwa..."

Haji Ghunaym akaacha kupiga shanga za tasbihi. "Shalabi anajua?"

"Haji Shalabi wa viti? Mungu apishe mbali!"

Kutoka hapo Fikri akavuka barabara na kuingia kwa Haji Shalabi wa viti. Akafunga mlango, akamwambia maneno yale yale, na Haji Shalabi akauliza, "Ghunaym anajua?" Mpaka adhuhuri mafundi wakubwa wote wa mji walikuwa na siri moja, kila mmoja akiitunza peke yake, na wote wakipishana barabarani kwa tabasamu la huruma.

Siku ya mechi uwanja ulijaa hadi juu ya ukuta. Timu ya wastaafu ilicheza na timu ya maseremala. Kapteni Sharnubi alisimama karibu na goli la maseremala kama mtu anayengoja treni. Hakukimbia. Hakuita pasi. Beki aliyepewa kazi ya kumkaba alimkaba kwa bidii dakika za mwanzo, baadaye kwa adabu, halafu akamsahau kabisa akaanza kumpungia mkono shemeji yake jukwaani. Ikaja krosi moja kutoka kulia. Kapteni akapiga hatua mbili, akainua kile kichwa, nyavu zikatikisika.

"Umeona?" mzee mmoja karibu yangu akapiga kelele. "Wenzake wametoka jasho, yeye kaja kumaliza tu!"

Kisha ikawekwa meza katikati ya uwanja. Juu yake lilisimama kombe la shaba la mashindano ya maseremala, kubwa la kutosha kumwogeshea mtoto. Kapteni akashika kipaza sauti. Nimehudhuria mazishi mengi, lakini sijasikia kilio kama kile. Alimshukuru mama yake. Akalishukuru goti lake, akaliomba msamaha. Alipofika kwa mlinzi wa geti na ile bukta, wanaume waliokula mbao na misumari maisha yao yote walikuwa wanapenga kamasi kwa mikono ya kanzu. Mimi mwenyewe nililia, na sioni haya.

"Haya, nani anamtunza Kapteni?" akanadi mshereheshaji, aliyekipokea kipaza sauti kutoka kwa Kapteni.

Hakuna aliyesogea mezani.

Machozi yalikuwepo, mikono ndiyo haikuwepo. Haji Ghunaym alimtazama Haji Shalabi. Haji Shalabi alitazama mawingu. Kila mmoja alikuwa na dhahabu mfukoni, kaishika kwa vidole vitano, na kila mmoja alitaka kuona mwenzake atatoa kidogo kiasi gani ili yeye amzidi kwa kidogo zaidi. Ndivyo tulivyo. Tungeweza kukaa hivyo mpaka sikukuu.

Fikri akaona mambo yanaharibika. Akatazama jukwaani, alipokaa Ihsan na mama yake. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa pete. Akaiinua juu watu wote waione.

"Kutoka kwa Fikri Zanati!" mshika kipaza sauti akaunguruma. "Dhahabu! Jamani, kama Fikri katoa, nani atabaki?"

Pete ikalia ndani ya kombe, ngii.

Lile neno ndilo lililowaua. Kupitwa na Haji mwenzako kunavumilika. Kupitwa na Fikri ni aibu ya ukoo.

"Haji Ghunaym wa vitanda, bangili!" "Haji Shalabi wa viti, bangili na mkufu!" "Haji Ghunaym anarudi tena!" Mshika kipaza sauti alikauka koo. Watu walikuwa wanakanyagana viatu. Haji mmoja alimvua mkewe hereni palepale, na mkewe akamwambia maneno ambayo kipaza sauti kwa bahati mbaya kiliyachukua. Kombe likajaa hadi Kapteni akaliinua kwa mikono miwili, magoti yakimtetemeka.

"Abebwe! Abebwe!" watu wakaimba.

Fikri akachuchumaa. Kapteni akapanda shingoni kwake, kombe kifuani, na Fikri akainuka kwa kishindo cha nia njema. Alikuwa anajisikia mwepesi ajabu. Hesabu yake ilikuwa kuzunguka uwanja mara moja, kugusa geti kwa heshima, kisha vyumba vya kubadilishia nguo, wagawane.

"Kulia kidogo, kipenzi," Kapteni akasema kutoka juu. "Wale pale wananiita."

Fikri akakata kulia.

"Nyoosha. Usiniyumbishe, goti."

Umati ulikuwa nyuma yao unasukuma, unaimba, unalia. Wakapita geti. Fikri akataka kugeuka. Hakukuwa na pa kugeukia. Mbele yao ilikuwepo Pijo nyeupe, gari la abiria wa safari za mbali, injini inanguruma, mlango wa nyuma uko wazi.

"Kapteni, geti ndilo hili, tumeshafika."

"Hatua moja tu. Inama, nisigonge kichwa. Unajua thamani yake."

Na Fikri akainama! Nasema kwa uchungu, maana nilikuwa nyuma yake: aliinama kwa adabu, akamteremsha Kapteni polepole kwenye kiti cha nyuma, yeye na kombe lake, akamwekea mguu mbovu ndani ili mlango usiubane. Mlango ukafungwa. Pijo ikaondoka.

Gari lilipofika kona, Kapteni Sharnubi akatoa mkono dirishani. Mfungaji mstaarabu akishafunga humkumbuka aliyempa pasi. Humwonyesha kidole, ili umma ujue sifa ni za nani. Kapteni akanyoosha kidole, akamwonyesha Fikri Zanati.

"Pasi safi!" akapiga kelele. "Pasi safi kabisa!"

Watu wakalipuka kwa makofi. Wakamkumbatia Fikri, wakampigapiga mgongo, wakambusu mashavu yote mawili. Yeye macho yalikuwa barabarani, mdomo wazi, hana hata sauti ya kuita mwizi. Na angeita, angemwambia nani kwamba ameibiwa nini?

"Anarudi saa ngapi?" ndipo akamuuliza mzee aliyekuwa anajifuta machozi kando yake, mgeni mjini hapa, kavaa skafu ya timu ya Zagazig.

"Nani, Kapteni? Mwanangu, huyo akishaaga ameaga." Mzee akatikisa kichwa kwa mapenzi. "Anaaga vizuri, Mungu amweke. Kwetu tulimuaga majira ya baridi. Watu wa Tanta wamemuaga, na Mahalla pia. Mimi namfuata kila anapoaga. Ila hii ya leo ya kubebwa na mwenyeji mwenyewe, hii nzuri zaidi. Kwetu alibebwa na mwenyekiti wa halmashauri."

Kwa mbali Haji Ghunaym na Haji Shalabi walikuwa wanakuja, kila mmoja akijitahidi kufika kwanza, kila mmoja na swali lake la siri kuhusu vyumba vya Ghuba. Fikri aliona miaka yake ijayo, yote ni ya kuwakwepa wawili hawa. Lakini hao hawakumuumiza. Kilichomuumiza kilikuwa kinashuka ngazi za jukwaa kwa viatu vya kisigino.

Ihsan akasimama mbele yake. Mama yake alikuwa nyuma, mikono kiunoni.

"Ile pete, Fikri," Ihsan akauliza taratibu. "Ilikuwa ya nani?"

Uongo ulimjia mwingi, mzuri, wa kila rangi. Alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza uongo wenyewe ukamkataa.

"Yako," akasema. "Ilikuwa yako. Niliitoa ili nikuletee na zile nyingine. Nimeingizwa mjini, Ihsan. Mimi, Fikri! Sina kitu."

Ihsan akasogea karibu. Nilimwona macho yake yakilowa, na nikadhani, basi, moyo wa mwanamke, atasamehe. Akanyoosha mkono akalifuta vumbi la kiatu cha Kapteni lililobaki kwenye bega la Fikri, akalikung'uta vizuri, upande huu na upande ule, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Una mabega mazuri," akasema. "Usiende mbali. Mfamasia ni mnene kidogo, na siku ya harusi tutahitaji mtu wa kumbeba."