Ada ya Kughairi

Taarifa ya redio iliwachosha watu wote hotelini isipokuwa Jamaldin. Msomaji wa habari alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma maagizo ya dawa ya ng'ombe, kwamba mteja akiomba kuhamisha namba yake ya simu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, kisha ombi likaghairiwa, mtandao uliotaka kumpokea utaulipa ule wa kwanza ada ya usumbufu. Ada yenyewe sasa imewekewa kiwango, ili makampuni yasikamuane. Ikaja michezo, na Runyenjes nzima ikaendelea kukoroga chai.

Jamaldin aliacha andazi lake nusu. Wewe na mimi tukisikia makampuni mawili yanalipana, tunasema hayo ni ya wenyewe. Yeye akisikia hela inatoka mfuko huu kwenda ule, anaona njia, na katikati ya njia anajiona amesimama.

Tumjue kidogo bwana huyu, ingawa yeye hapendi kujulikana. Alizaliwa Maua, na Maua harudi kwa sababu za kiafya: kuna watu wameahidi kumvunja miguu. Akapita Kianjai, akawauzia wakulima bima ya miraa kunyauka, akaondoka huko na pikipiki. Sasa alikuwa Runyenjes, shati limepigwa pasi, kofia nyeupe, maneno laini, na alikuwa mchumba wa mtu.

Mtu mwenyewe ni Zuleka, binti wa Abdulatif mwenye bucha. Abdulatif aliikubali posa kwa sharti moja, mahari iletwe yote kabla ya Ramadhani. Mahari ni haki ya bibi arusi, kila mtu anajua, lakini Abdulatif alisema atamshikia, kama alivyomshikia mshahara wake tangu amalize shule na kuanza kuuza nyama pale buchani. Mshahara huo Zuleka hajawahi kuuona kwa macho.

Mwanzoni mwa uchumba Jamaldin alimwambia, “Kitambulisho changu kimepotea, moyo wangu. Nisajilie laini moja tu, ya kukupigia wewe.” Zuleka akaenda naye dukani, akaisajili kwa jina lake. Tusimcheke. Wapo wakubwa waliotia sahihi mambo mabaya zaidi kwa ajili ya mapenzi.

Kutoka hotelini Jamaldin alikwenda moja kwa moja sokoni, kwa Karambu muuza parachichi.

“Mama, simu yako ni ya mtandao gani?”

“Mlima. Tangu zamani.”

“Mlima wamewahi kukulipa?”

“Kunilipa? Si wao ndio hunikata!”

“Ndio hapo sasa. Unaomba kuhamia Upepo. Kabla hujahamishwa, unaghairi. Upepo wanatozwa ada. Redio umeisikia?”

“Nimeisikia.”

“Na wanatozwa kwa sababu ya namba ya nani?”

Karambu aliitazama simu yake kana kwamba imeanza kutaga. “Yangu.”

“Umesema mwenyewe, mama. Mimi nimenyamaza. Kazi yangu ni kukufungulia faili ya kudai fungu lako. Unatoa kidogo tu cha faili, mengine niachie.”

Hebu tumpe fundi haki yake. Redio ilisema kweli, ada ipo kweli, namba ni ya Karambu kweli. Uongo ulikuwa mmoja, nao ulikaa mwishoni, ambako watu huwa wameshachoka kusikiliza. Mteja hana fungu. Ada hiyo hulipana makampuni yenyewe kwa yenyewe, na Karambu hatapata hata ya kununua kiberiti.

Karambu akatuma hela kwa namba aliyotajiwa. Ujumbe wa kuthibitisha ukarudi na jina la mpokeaji. “Haiya! Zuleka Abdulatif? Si huyu wetu wa bucha?”

“Ndiye karani wetu,” Jamaldin alisema, wala hakupepesa jicho.

Basi hapo shaka ikaisha. Zuleka hajawahi kumpunja mtu nyama. Kama yumo, mambo ni safi. Soko likapanga foleni. Mbaka, mkulima wa kahawa, alifungulia faili laini yake, ya mkewe, na ya mama mkwe wake ambaye hakuambiwa.

Abdulatif alipopata habari aliumia moyoni.

“Mkwe, unatajirisha wauza parachichi na mimi unaniacha?”

“Mzee wangu, niliona haya. Ni pesa ndogo ndogo.”

“Hakuna pesa ndogo.”

Akakusanya vitambulisho vya kila aliyewahi kushika kisu pale buchani, akawasajilia laini mpya, akazifungulia faili zote. Ujumbe wa kuthibitisha hakuusoma, maana miwani yake hutoka mfukoni kwa ajili ya mizani tu. Hivyo ndivyo mzee alivyoanza kujilipia mahari ya binti yake mwenyewe. Jamaldin hakuzitoa hela hizo. Wakala angeuliza kitambulisho, na jina la laini ni la msichana. Alipanga kuzirusha zote kwa Abdulatif siku ya mahari, simu kwa simu, na mzee azipokee kwa dua.

Asubuhi moja Abdulatif alikwenda Kiirua kununua ng'ombe. Karambu akaingia buchani.

“Karani, hela zetu zinakuja lini?”

“Karani gani, mama? Hela gani?”

Karambu akamwonyesha ujumbe. Zuleka aliusoma mara mbili. Kisha akakasirika, akakasirika sana, mpaka akaweka kisu chini kwa kuogopa mkono wake. Alielewa yote hapo hapo. Soko likichoka kungoja, polisi hawatamtafuta Jamaldin, asiye na laini wala kitambulisho. Watamtafuta mwenye jina. Na hata wasipomfunga, Runyenjes ni ndogo, nani atanunua tena nyama kwa Zuleka aliyekula hela za sokoni?

“Mama, nyamaza mpaka jioni. Tafadhali.”

“Ninyamaze na hela yangu?”

“Utaipata leo. Wallahi, leo leo.”

Alifunga bucha, akaenda duka la Mlima na kitambulisho chake, akamwambia mhudumu kwamba laini yake imepotea. Haukuwa uongo mkubwa. Akapewa kadi mpya ya namba ile ile, akaweka namba ya siri mpya. Ndani ya laini alikuta hela za soko zima, jina kwa jina.

Dakika hiyo Jamaldin alikuwa anamfungulia mwalimu mmoja faili. Simu ikaandika kwamba hakuna mtandao. Akaiinua juu, akaizima, akaiwasha, akamwomba mwalimu radhi, akakimbia. Alimkuta Zuleka amefungua bucha, anafuta meza.

“Moyo wangu, laini yetu imezima!”

“Najua. Nimeomba ihamie Upepo.”

Jamaldin akashika mlango. “Uihamishe kwa nini?”

“Si ndiyo biashara ya mjini? Soko zima linaomba kuhama. Mimi mchumba wako nibaki nyuma?”

“Zuleka, mna hela humo! Namba ikihama hivi hivi, hela…”

“Zinapotea?”

“Zinapotea!” Hakuwa na hakika, ila mtu mwenye hofu haulizi.

“Woi! Basi nighairi?”

“Ghairi! Ghairi sasa hivi!”

“Lakini kughairi kuna ada. Si wewe ndiye uliyetufundisha?”

“Ada hiyo hulipana makampuni, mteja hahusiki,” Jamaldin alisema, na huo ulikuwa ukweli wake wa kwanza tangu afike Runyenjes.

Zuleka aliacha kufuta meza. “Kumbe? Nimwambie hivyo Karambu?”

Jamaldin akatoa pochi. Alitoa noti, Zuleka akaendelea kunyoosha mkono, akatoa nyingine, mpaka pochi ikabaki na picha yake mwenyewe.

“Na hao Upepo wako Embu mjini,” Zuleka alisema. “Wakifunga kabla sijafika, imehama.”

“Chukua pikipiki! Si unajua kuendesha?”

Alijua vizuri, maana nyama za hoteli zote ni yeye huzipeleka, kwa pikipiki ya baba. Jamaldin alimpa ufunguo wa pikipiki yake, akamvalisha helmeti juu ya mtandio, akamfunga mkanda kidevuni kwa mapenzi yote.

“Endesha pole pole, mpenzi.”

“Niangalizie bucha,” Zuleka akamwambia, akaondoka.

Aliiangalia bucha mchana kutwa. Jua lilipoinama akashindwa kuvumilia, akaenda duka la Mlima. Mhudumu, msichana aitwaye Karimi, akaitafuta namba.

“Dada, ombi la kuhama limeghairiwa?”

“Ombi gani? Hakuna aliyeomba kuhama. Hii laini ilibadilishwa kadi asubuhi na mwenyewe.”

“Mwenyewe ni mimi!”

“Wewe ndiye Zuleka?”

Foleni nzima ikacheka. “Ukiwa na malalamiko,” Karimi akaongeza kwa adabu, “mwenye laini aje na kitambulisho.”

Sokoni Karambu alimdaka mkono. “Asante sana, kijana! Zuleka ameturudishia wote kwa simu, hata Mbaka. Anasema mpango umekufa. Msichana mwaminifu huyo, mshike usimwache!”

Jamaldin akasema amina. Wote walirudishiwa, isipokuwa mmoja. Mmoja huyo Jamaldin alimkuta aliporudi, amesimama kwenye mlango wa bucha, amefika kutoka Kiirua na ng'ombe mwembamba, shoka la mifupa mkononi.

“Mkwe,” Abdulatif alisema, “Zuleka amenipigia. Yuko Meru, amekodi kibanda, anafungua bucha yake. Anasema nisimtafute, na hela zangu nikuulize wewe.”

Jamaldin akafungua kinywa. Maneno yalikuwapo: hela zako anazo binti yako, mzee, amejilipa mishahara yote uliyomshikia. Lakini mzee angeuliza anazo kwenye laini gani, na laini hiyo ilisajiliwa kwa jina la nani, na nani alikuwa nayo. Akalitazama shoka. Akafunga kinywa.

“Nitalipa, mzee.”

“Najua utalipa,” Abdulatif alisema, akamrushia aproni. “Mimi sina mtu wa kuuza.”

Mteja wa kwanza alitaka nusu kilo isiyo na mifupa mingi. Jamaldin akakata, akapima. Abdulatif akavaa miwani, akaiondoa nyama kwenye mizani, akapima upya.