Landrova Iliyotiwa Kalafati

Jumatatu, 7 Agosti 1972

Siku imeanza vizuri. Kifuniko cha tangi la petroli kilidondoka wiki iliyopita huko Ziwani, kikapotelea mchangani. Mwingine angekwenda Mtwara kuomba kipya, asubiri mpaka Kiyama. Mimi ng'o! Nimechonga kizibo cha mkorosho, nikakipeleka kwa Mjomba Chande, fundi wa mashua. Akanitilia kalafati kama anavyotia mashua: pamba, mafuta ya papa, akashindilia mdomo wa tangi pande zote. Maji hayaingii. Vumbi haliingii. Hata hewa haiingii! Mjomba mwenyewe amesema tangi hilo sasa laweza kuelea mpaka Komoro. Linanuka kidogo. Si neno.

Sababu ya pili naiandika hapa tu. Stefano, dereva wa trekta la kijiji, ananyonya petroli yangu kwa mpira. Sijamkamata, lakini kiberiti chake cha petroli hakikauki. Mnyonyaji ndani ya kijiji cha ujamaa! Haya, sasa anyonye kalafati.

Jioni Mwenyekiti, Mzee Ismaili, ametuita wote. Jumamosi anakuja bwana mkubwa wa Chama kutoka makao makuu kutazama kijiji chetu. Atafuatwa Mtwara kwa Landrova ya kijiji, na dereva ni mimi, Mfaume. Watu wakapiga makofi. Nikainua mkono kama mbunge. Kisha Mzee akaongeza, kwa upole tu, kwamba gari likimlaza mgeni njiani huku Wareno na ndege zao za vita wako ng'ambo ya mto wa mpakani, hilo hatuliiti bahati mbaya. Linaitwa hujuma. Na mhujumu kwake ni gerezani.

Makofi yalikwisha zamani. Mimi bado nahesabu siku mpaka Jumamosi.

Jumanne, 8 Agosti

Nimelijaribu gari. Likawaka mara moja! Likapita shule, likapita mikorosho ya Chama, nikaanza hata kuimba. Halafu likakohoa. Likakohoa tena. Kimya.

Nikakanyaga stata. Linawaka, linazimika. Linawaka, linazimika. Niko peke yangu, barabara nyeupe, na mto uko kule nyuma ya mikoko. Mara nikasikia mngurumo. Ndege! Wareno! Sikungoja kuona mabawa. Nilikata katikati ya mihogo ya watu, nikajitosa kwenye handaki la kijiji, kichwa kwanza. Stefano alikuwemo tayari. Tulikumbatiana humo, naona haya kuandika kwa muda gani. Kumbe ni mashine mpya ya kusaga ya Msimbati, upepo umeileta sauti.

Sasa Stefano anamwambia kila mtu kwamba nililia. Na yeye aliyenikaba shingo akiita mama yake? Lakini wahenga walishasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi na wacheke.

Ajabu moja. Niliporudi kwenye gari baada ya kukaa sana handakini, liliwaka bila ubishi, likanifikisha mpaka mlangoni kwangu. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Gari la zamani hili, limezunguka mpakani miaka mingi. Linawaogopa Wareno. Silaumu.

Jumatano, 9 Agosti

Nimefungua kabureta, nimesafisha. Nimesugua plagi. Nimepiga msasa platini. Nimefuta kila kitu kwa khanga ya mke wangu Mwanahawa, kosa ambalo sitalirudia. Gari likawaka kama jipya, likafika kwenye mikorosho tu, likafa. Kwa hiyo si Wareno. Pale kwenye mikorosho, mto hauonekani.

Nyumbani Mwanahawa alikuwa anamimina mafuta ya taa kutoka kwenye debe. Yakawa yanatoka kwa kugugumia, mara yakakataa kabisa. Akachukua msumari, akatoboa debe tundu la pili ili hewa iingie. Yakamiminika. Akaniangalia, akasema huenda gari langu nalo lina shida kama ya debe, nimelibana mno. Nikamwuliza tangu lini amesomea udereva. Akasema hajasomea, ila mafuta yake yanatoka na yangu hayatoki. Wanawake na magari, wapi na wapi!

Nikapata akili. Stefano ametia maji kwenye petroli! Ameona hawezi tena kunyonya, sasa analipiza kisasi. Nikaenda kwa Mzee Ismaili, nikamnong'oneza. Nilitaka amkaripie tu Stefano, amnyang'anye kile kiberiti. Mzee akafurahi mno kwa uaminifu wangu. Akasema hujuma ikishatajwa haiachwi, itabidi uchunguzi ufanyike, na kesho atasimama mgambo mlangoni mwa gari. Halafu akauliza ni nani aliyeligusa tangi hilo mara ya mwisho.

Nani mwingine? Mimi!

Sijala chochote. Ugali nauona kama pingu.

Alhamisi, 10 Agosti

Siku ya leo Mungu asinirudishie.

Mzee Ismaili ameamuru nizungushe gari mbele ya watu wote. Nikazungusha uwanja wa shule, mzunguko mmoja, wa pili, nikiomba dua kwa siri. Likakohoa. Likafa mbele ya Mzee kabisa. Akaniamuru nifungue tangi, tuone kama kuna maji. Josephu, yule mgambo, akanisimamia na rungu. Nikagonga kizibo kwa nyundo, kalafati ikaachia.

Fyuuuuu!

Nimesikia kwa masikio yangu. Tangi limevuta pumzi! Pumzi ndefu, kama mtu aliyezibwa pua akaachiwa. Josephu alitupa rungu, tukaonana naye tena baadaye sana. Watoto wakaruka ukuta wa shule. Mimi sikukimbia. Napenda iandikwe kwamba sikukimbia, ijapokuwa ni kwa sababu miguu ilikataa.

Jini! Jini kwenye tangi la petroli! Ndilo lililokuwa linakaba gari.

Na ushahidi huu hapa. Nikaliwasha gari tangi likiwa wazi, likaenda. Nikazunguka uwanja mpaka mbuzi wakazoea. Halikukohoa hata mara moja, kwa sababu jini lilikuwa limetoka nje. Mwanahawa akapiga kelele kutoka pembeni kwamba ni debe, ni debe! Nikajifanya sikusikia, watu wengi walikuwepo.

Sasa kazi ni moja, jini lisirudi. Nimempelekea gari Mjomba Chande kabla ya magharibi. Tumetia kalafati mara mbili, na ndani ya pamba tumeweka hirizi yangu ya utotoni. Mjomba anasema hata sindano haipiti. Harufu ya papa inafika msikitini.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimejaribu gari alfajiri. Limekufa kabla hata ya shule.

Jini halikutoka lote! Nimelifungia ndani!

Nilikaa kwenye usukani, nikapiga hesabu. Kesho mgeni. Kesho njia yote ile, mikoko, mto, Wareno, bwana mkubwa wa Chama kiti cha mbele, na jini nyuma. Nikiharibikiwa, gerezani. Nikisema gari bovu, nitaulizwa nani kaliharibu. Nikisema jini, Mzee Ismaili atasema hakuna jini kwenye Azimio la Arusha. Nilitaka kulia na nililia kidogo.

Halafu, wakati wa swala ya Ijumaa, akili ikaja. Nani kasema lazima dereva awe mimi? Mgonjwa haendeshi! Akiendesha Stefano, gari likifa, mhujumu ni nani? Stefano! Jini moja, mshikwaji mwingine.

Mchana nimeanguka mbele ya ofisi ya kijiji. Nimeanguka vizuri. Nikashika tumbo, nikaita marehemu babu. Mzee Ismaili akahuzunika, akampa Stefano ufunguo. Mwanahawa amenichemshia mwarobaini sufuria nzima, akasimama mpaka nikamaliza. Nadhani anajua.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimelala kitandani toka alfajiri, mzima kama kigongo, natapika mwarobaini.

Nilimsikia Stefano akiondoka. Basi nikaanza kusubiri habari. Mwanzo nilifurahi. Kisha woga ukarudi kwa mlango wa nyuma. Je, wakikwama karibu na mto, Wareno wakamchukua mgeni? Je, Stefano akiwekwa ndani, akasema kizibo ni cha nani? Hirizi ile ina jina langu ndani! Kalafati ina mkono wa Mjomba! Nimejichimbia kisima mwenyewe. Nikajifunika shuka mpaka kichwani, nikamwahidi Mungu mambo mengi.

Alasiri nikasikia mngurumo. Nikasema ndege. Nikaingia uvunguni. Haikuwa ndege. Ilikuwa Landrova, inakuja bila kukohoa, honi inalia, watu wanaimba! Nikatoka mbio kushuhudia mwenyewe, shuka kiunoni. Nimesimama uso kwa uso na Mzee Ismaili, ambaye aliniuliza tumbo linaendeleaje.

Stefano amepewa mkono na mgeni. Mkono wa kulia, mbele ya wote.

Jumapili, 13 Agosti

Mkutano wa kijiji. Stefano akasimulia safari kifua mbele. Yeye mtu wa bara, hawezi harufu ya papa. Ilimpiga tumboni kabla hajatoka kijijini, akaona aibu kumpandisha bwana mkubwa kwenye gari linalonuka soko la samaki. Akang'oa kizibo changu, akakitupa porini, akachomeka gunzi la hindi lililolegea. Basi. Gari halikuzimika kwenda wala kurudi. Kwa nini, hajui, na hajali.

Watu wamecheka mpaka wakajishika mbavu. Mwanahawa hakucheka. Alisema tu, debe.

Debe! Mimi nimeelewa yote. Stefano amelitupa jini porini pamoja na hirizi yangu, na sasa anajifanya hajui. Mtu wa hatari.

Hukumu: Landrova imekwenda kwa Stefano. Mimi nimepewa trekta lake. Mzee Ismaili amesema hii ni mashine ya mwisho kunikabidhi. Kesho mgeni anataka kuliona likilima shamba la mfano mbele ya kijiji kizima, na yeye Mzee atasimama karibu nami, na Josephu atasimama karibu na Mzee. Likizimika, tutazungumza tena habari ya hujuma.

Lakini safari hii sitashtukizwa. Nimelikagua trekta lote, na Mjomba Chande ameondoka sasa hivi na pamba yake. Mashallah, lina kifuniko chake kamili cha tangi. Kilikuwa na kasoro moja tu, ambayo Stefano hakuiona miaka yote hii: katikati yake kuna kitundu, kidogo sana, ambamo jini lingeweza kupita.

Tumekiziba.