Mafuta Yasiyolala kwa Baridi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Jana niliona cherehani yangu ikiwa mbili. Nikashona ile isiyokuwepo. Suruali ya mteja imeharibika! Leo mke wangu, Dorothée, amenikokota hadi kituo cha afya. Muuguzi, Mama Mireille, akanifunga mkono, akapima, akakunja uso, akapima tena. Tension, yaani presha ya damu, iko juu. Akaniuliza tunapikia nini. Mafuta ya ngazi, nikamjibu, yaani mawese, mekundu, na hatubanii. Akasema tutafute mafuta yanayobaki majimaji hata asubuhi ya baridi, kama ya karanga au alizeti. Yanayoganda tuyapunguze. Na hata hayo mazuri ni kijiko tu, si kumimina. Nirudi wiki ijayo. Isiposhuka, vidonge kila siku.

Yanayoganda na yasiyoganda! Miaka yote mafuta yamelala jikoni kwangu, na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Shemeji Josaphat, kaka yake Dorothée, amekuja kula. Huja kila panaponukia. Akatangaza kwamba kwake wanapikia mafuta ya avoka, yaani parachichi, kutoka Kampala, na kwamba mtu mwenye akili hangoji muuguzi amwambie. Dorothée alimsikiliza kama anamsikiliza askofu.

Nitapata mafuta ya kuyashinda ya avoka. Kwa utafiti!

Nimezunguka soko la Nyakasanza nikiomba matone ya majaribio. Bijou, muuza mafuta, akataka kujua kama nafungua duka ama ninaomba sadaka. Hata hivyo nimerudi na ya karanga, alizeti, soja na ngazi, kila moja katika chupa ndogo ya sirop ya kikohozi. Josaphat amenipa matone ya avoka kama mtu anayetolewa damu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Chupa zimelala kwenye dirisha la chumba cha kushonea. Asubuhi baridi kali. Safi sana! Mafuta ya ngazi yameganda kama uji wa jana. Ya avoka nimeyaona na ukungu. (Dorothée anasema hauoni. Nimemwambia asogee karibu na dirisha.) Lakini chupa moja! Angavu kama maji, haina harufu, iko macho kama mlinzi. Karatasi za majina zimelowa na kudondoka zote, lakini hiyo haiwezi kuwa kitu kingine ila alizeti ya daraja la juu kabisa.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Dorothée ameuliza kwa nini tusinunue tu mafuta ya karanga kama muuguzi alivyosema. Nikamjibu kwamba utafiti unahitaji subira. Akaacha kutwanga sombe, majani ya muhogo ya jioni.

“Weye unaona hii ni muchezo?” akasema. “Papa yangu alianguka na hii tension. Alikuwa anacheka, akaanguka.”

Nilitaka kumshika mkono, lakini mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta. Nikarudi kuangalia chupa.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Siku ya ushindi. Nilimwalika Josaphat makusudi. Samaki wa Kasenyi, wakubwa. Nikatoa hotuba fupi kuhusu baridi na ukweli. Kisha, kwa kuwa ni mafuta ya afya, nikamimina chupa nzima kwenye kikaango.

Moshi. Moshi wa buluu. Josaphat akavuta pua.

“Beau-frère,” akasema, “hii mafuta iko na harufu ya cherehani.”

Ni kweli. Ilikuwa chupa yangu ya kulainisha cherehani. Nayo ni ya sirop, nayo hukaa dirishani. Samaki wote tukawatupa. Paka wa jirani alinusa, akaondoka.

Dorothée akaketi chini, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. Halafu akalia kweli. Safari hii nilimshika mkono, mafuta au hapana. Tukala sombe bila mafuta. Josaphat naye alikula, bila kutaja avoka. Hiyo nimeipenda.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Dorothée amenunua mafuta ya karanga. Anapima kijiko, kisha anaficha chupa. Sijui wapi. Nimetafuta.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Imeshuka! Kidogo, lakini imeshuka. Nimemweleza Mama Mireille kwamba ni matunda ya utafiti wangu. Dorothée akakohoa.

“Sawa, Papa Théodore,” akasema muuguzi. “Ku mafuta muko muzuri. Sasa mupunguze chumvi.”

Punguza! Huyu mama hana neno lingine?

Nimepita sokoni. Kumbe kuna chumvi ya mawe, chumvi laini, na nyingine ya kijivu kutoka Katwe! Haiwezekani zote ziwe sawa. Lazima kuna moja ambayo mtu anaweza kumwaga bila hofu. Nimenunua zote, na tangu saa nane naonja kwa kijiko, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa.

Nina kiu ya ajabu.