CD Ishirini na Nne za Kwaya Yetu

Leo uso wangu sijui niufiche wapi. Mbele ya kwaya, mbele ya padri, mbele ya dereva wa lori. Hata kuku wa padri waliona.

Nianze asubuhi, ili mjue nilianguka kutoka juu kiasi gani.

Mnanijua. Hapa Kasulo naitwa Ingé, yaani injinia (diploma bado iko njiani, mwaka wa sita huu). Naitwa hivyo kwa sababu ni mimi peke yangu mtaani ninayechoma CD kwa kuandika amri. Wengine wanabofya vipicha. Mimi nafungua skrini nyeusi ya Linux, naandika mstari mmoja, nabonyeza, mashine inatii. Watu husimama nyuma yangu kutazama, nami nawaacha. (Mara nyingine naandika amri zisizo na kazi yoyote, ili skrini ijae tu.)

Mnajua pia kwamba tunahamishwa. Chini ya nyumba zetu kuna kobalti, ukuta wa mgodi umeshajengwa, na kila siku lori linabeba maisha ya watu: vitanda, mabati, hadi milango. Kwaya yetu inatawanyika. Mmoja anakwenda Mutoshi, mwingine Lubumbashi, wengine hawajui bado. Tukakubaliana kwamba Jumapili ya leo, baada ya misa yetu ya mwisho pamoja, kila mwanakwaya aondoke na CD ya nyimbo zetu. Kazi nikapewa mimi. Angepewa nani mwingine?

Ila mtu niliyemchomea hasa ni mmoja, Mama Godelive. Ni mjane wa Tata Anselme, aliyekuwa mkuu wa kwaya. Tata Anselme alikuwa karani mgodini mpaka kampuni ikaanguka na mishahara ikakoma, na tangu hapo kazi yake ikawa kutugombeza sisi. Alifariki mwaka jana. Sauti yake imebaki kwenye kompyuta yangu tu, maana nilimrekodi mwenyewe sakristia, blanketi dirishani kuzuia kelele za wachimbaji. Leo Mama Godelive alikuwa anahamia Musumba kwa kaka yake. Simu yake ni ya kitochi. Redio aliyonunuliwa na mumewe inakula CD tu. Na Musumba ni mbali, ukisahau kitu huku umekisahau.

"Ingé," alikuwa ananiambia wiki nzima, "manguo nitapata ingine. Ile sauti, hapana."

"Mama, usihangaike. Uko na mimi."

Sasa niwaeleze desturi yangu, maana ndiyo iliyoniua. Hapa CD tupu ni ghali na umeme ni mgeni, unakuja ukipenda na kuondoka bila kuaga. Ukikatika katikati ya kuchoma, CD imekufa. Kwa hiyo mimi, mtu mwenye akili, huwa nafanya mazoezi kwanza kama kwaya. Naiagiza mashine izungushe CD, ihesabu nyimbo zote mpaka mwisho, ila isichome chochote. Ikimaliza salama, ndipo nachoma kweli. Mazoezi ya hizi CD niliyafanya Alhamisi. Yalikwenda vizuri ajabu. Nikaihifadhi ile amri kwenye faili ili leo nisihangaike kuiandika upya.

Saa kumi na mbili asubuhi, umeme huo! Nikaruka kitandani. Nikaita faili langu, nikabonyeza, mashine ikaanza kunguruma. Wimbo wa kwanza, tayari. Wa pili, tayari. Wa tisa, tayari. Ikasukuma CD nje yenyewe, nikaweka nyingine. Ishirini na nne, bila umeme kukatika hata mara moja! Nikaandika jina la kila mtu kwa kalamu nzito, na la Mama Godelive nikalipigia mstari chini.

Alipita kwangu kabla ya misa. Akaichukua CD yake, akaigeuza, akaitazama sana.

"Mbona mi najiona sura yote?"

"Mama, CD ya muzuri iko sawa kioo." (Mungu anisamehe.)

"Tujaribu kwanza moja?"

"Ya nini, Mama? Mashine imesema imemaliza. Mashine haiko na bongo, haidanganye mutu."

Misa ikaisha. Tukatoka uani, ambako padri alikuwa ameweka spika, na jenereta ya parokia inanguruma kwa sababu umeme ulikuwa umeshaaga. Padri akashika CD moja juu kama anaitolea sadaka.

"Banatutosha mu manyumba yetu," alisema (kwetu kutosha ni kutoa), "lakini kile Ingé ameweka humu ndani, hakuna mutu atatutosha nacho!"

Vigelegele! Mimi nikainama. (Ndiyo, niliinama. Mara mbili.)

Padri akatia CD kwenye chombo cha muziki. Krrr. Krrr. Kimya. Kioo kidogo kikaandika kwamba hamna CD ndani.

Mnajua watu wetu wanavyopenda kusaidia. "Puliza!" "Pangusa!" "Igeuze!" Mwimba besi mmoja akaifuta kwa joho la kwaya. Wakaweka ya pili. Ya tatu. Walipofika ya saba nikapaza sauti kwa uchungu wa fundi.

"Tata Padri, ile chombo yenu imezeeka!"

"Tuliinunua Pasaka," akajibu padri, taratibu.

Lori la Papa Ramazani lilikuwa limeegeshwa pale pale uani, kitanda cha Mama Godelive juu kabisa. Papa Ramazani ni Mwislamu, familia yao ni ya wasafirishaji tangu babu yake, na alikuwa amekaa kivulini akingoja misa yetu iishe. Akanyoosha mkono.

"Leta hapa mu kamyo."

Redio ya lori ikaimeza CD yangu, ikafikiri, ikaitapika. Akaweka yake, muziki ukajaa uani kote. Akaitoa, akaichukua yangu, akaigeuzia juani.

"Ingé, mi nanunua CD mu barabara miaka mingi. CD ya kuchomwa iko na duara ya rangi, hapa chini. Hii yako haina kitu. Ni mupya."

Nilichukia! Dereva ndiye wa kunifundisha mimi? Nikakimbia nyumbani, nikarudi na kompyuta, nikaichomeka kwenye jenereta, nikaiweka juu ya meza ya padri. "Kuyeni wote!" nikaita. Na wote wakaja. Wanakwaya, wazee, akina mama waliokuwa wanafunga mizigo. Nikafungua faili langu, mstari ukatokea, mweupe juu ya weusi:

wodim -v -dao -dummy -audio -pad *.wav

Nikaanza kufundisha, kidole kikiwa kwenye skrini.

"Muone. Huyu wodim njo muchomaji mwenyewe. Hii -v ni kumwambia aseme kila kitu anafanya. Hii -dao ni achome yote kwa mara moja, asipumuzike. Na hii -dummy ni…"

Nikalisoma tena lile neno.

"Ni nini?" akauliza Papa Ramazani.

Jasho! Kidole kiligandia pale pale.

"Ni… ajifanye."

"Ajifanye nini?"

"Ajifanye anachoma."

Kisha soprano mmoja akaachia kicheko kwa pua, na basi, uani kukachafuka. Watu walishikana mabega. Padri aligeukia ukuta, lakini mabega yake niliyaona. Mazoezi ya Alhamisi niliyarudia mara ishirini na nne, nikayaandikia na majina kwa kalamu nzito!

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Godelive alisogea mpaka kwenye meza na ile CD yake mkononi.

"Ingé," akasema kwa sauti ndogo. "Ile sauti."

Hapo kicheko kilikufa, na mimi nilitamani ardhi inimeze. (Hapa kwetu si jambo la kutamani ovyo, na mashimo haya ya wachimbaji.) Nikafuta neno moja. Herufi tano na kistari. Nikaomba CD yake, nikaitia, nikabonyeza. Padri akazima spika ili jenereta isilemewe. Ikakohoa mara moja, watu wote wakashika vichwa, ikaendelea.

"Barabara ya Musumba haingoye mutu," alisema Papa Ramazani. Lakini nilimwona akipanda juu ya lori, akifungua kamba iliyokuwa imefungwa vizuri kabisa, na kuanza kuifunga upya, polepole.

Sahani ikatoka. Mama Godelive ndiye aliyeichukua, akaigeuzia juani. Duara lilikuwepo! Papa Ramazani akaitia kwenye redio ya lori.

Kwanza tukasikia kikohozi. Halafu Tata Anselme mwenyewe, amekasirika kama kawaida: "Batenore! Musikimbie, nani anabafukuza?"

Matenori watatu walionyooka migongo pale uani, nawaapia, ni watu wazima wenye watoto. Kisha akaimba. Mama Godelive alikanyaga ngazi ya lori, akaweka kiganja juu ya redio, akacheka, machozi yanamtiririka.

"Njo yeye," akasema. "Njo yeye mwenyewe."

Nami nililia, siwafichi. Na nilijivuna, siwafichi pia, kuliko asubuhi nilipokuwa nimemaliza zote ishirini na nne. Lori liliondoka dirisha likiwa wazi, na mpaka linapinda kwenye kona ya ukuta tulimsikia bado anawagombeza matenori.

Zile CD ishirini na tatu nazichoma sasa hivi ninapoandika, padri ameniachia jenereta na amekaa kando yangu, anasoma kila neno kabla sijabonyeza. Na mjue kwamba hakuna hata moja iliyoharibika asubuhi, zote zilikuwa mpya kabisa. (Hili hamna anayelisimulia.)

Basi msinicheke. Ila kama kuna CD niliyowahi kukuchomea, igeuzie juani. Ukiona sura yako yote, nzuri, bila duara, ilete upesi, kabla lori lako halijafika.