Hotuba ya Kuzindua Lahajedwali la Jikoni Kwetu Akheri

Mwanangu Sifael huko Dodoma, wakubwa wameshatuhutubia mno hapa Akheri. Leo nahutubia mimi, na nakuandikia yote kama ninavyoyasoma hapa jikoni.

Mheshimiwa Bibi yako, Rais wa Maisha wa kigoda cha karibu na moto, ambaye meno yanamsumbua lakini nyama anakula, Mheshimiwa Baba yako Mzee Eliya, Waziri wa Majani na Zizi, mzima ila goti, Mheshimiwa kaka yako Godbless, Katibu Mkuu wa kuchelewa kuamka, Mheshimiwa Mama Ezra jirani yetu, mwakilishi wa akina mama wafugaji, Mheshimiwa ng'ombe wetu Shukuru, mwenye mimba na mwenye hasira, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Bibi anauliza nani amekufa.)

Ndugu wananchi wa jikoni, nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hakuna kiongozi mwingine aliyewahi kuufikia, kuzindua rasmi Mradi Mkakati wa Kuwajengea Akina Mama Uwezo wa TEHAMA katika Ukokotoaji wa Tarehe kwa Njia ya Lahajedwali, ambalo ninyi mliokaa nyuma mnaliita Ekseli, mradi shirikishi, endelevu, wenye vishen na mishen (makofi), ulioasisiwa Krismasi iliyopita na mtaalamu wetu Sifael, alipokuja likizo na kompyuta mpakato yake akatufundisha kwamba kwa mashine tarehe siyo maneno, ni hesabu. Takwimu zinaonyesha kuwa asilimia mia ya waliofundishwa, yaani mimi na Mama Ezra, tumeelewa. Na asilimia hamsini, yaani mimi, tumeelewa vizuri. (Mama Ezra anasema takwimu hiyo imepikwa.)

Nawakumbusha utaratibu. Seli ya kwanza unaandika tarehe ng'ombe aliyopandishwa. Seli ya pili unaweka alama ya sawasawa, unaigusa ile seli ya kwanza, unaweka alama ya kujumlisha, unaandika 283, ndizo siku ng'ombe anazobeba mimba, halafu unabonyeza. Mama Ezra yeye aliandika "Nane Nane", kwa sababu ndiyo siku dume la Mzee Yiamat lilipokuja kwa Shukuru sisi tukitoka kwenye maonyesho. Kompyuta ikakataa, ikatoa alama za ajabu, naye akaiambia, "Wewe mashine, Tanzania nzima inajua Nane Nane ni lini, wewe umekulia wapi?" (Kicheko kirefu. Mama Ezra anasema bado hajajibiwa.) Ukaandika wewe 8/8 na mwaka, ikaja tarehe 18 Mei.

Tarehe hiyo ni nzito kwa serikali yangu. Ndama aliyepita tulimpoteza, nilikuwa Makumira kwenye mahafali yako na hapa hakukuwa na mtu anayejua kumvuta. Nimeapa Shukuru hatazaa tena nikiwa safarini. Na nimeapa pia kwamba wewe hutajifungua mjukuu wangu wa kwanza nikiwa huku nakamua maziwa. Nikikuuliza kwa simu unaniambia, "Mei Mei hivi, mama, usiwe na wasiwasi." Mwanangu, Mei Mei hivi haijumlishiki. Nimepiga kura peke yangu na wasiwasi umeshinda kwa kishindo. (Bibi anaitikia kwamba ni kweli, ananisikia usiku silali.)

Kwa hiyo naagiza, na utekelezaji uanze mara moja: chukua tarehe ile nesi wa kliniki aliyokuuliza, ambayo siwezi kuitaja mbele ya Waziri wa Majani (Baba yako anakohoa na kutoka nje), jumlisha 280.

Tarehe oyee! (Oyee.) Seli oyee! (Oyee. Shukuru analia zizini.)

Namalizia kwa kuwashukuru wafadhili, ambao hawakuja, na mkandarasi, ambaye hakuitwa, kwa kuwa mradi huu haupo na haujawahi kuwepo: kompyuta uliondoka nayo Januari, na hizi seli ninazozizindua nimezichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Ya Shukuru imeandikwa 18 Mei. Ya kwako iko pembeni yake, tupu, na kila nikikoroga uji naiangalia. Nitumie tarehe leo hii, hata kwa meseji, nijue kama namngoja Shukuru kwanza au namwacha mikononi mwa Mama Ezra nije. Begi nimeshalifunga.

Mimi mama yako, Mgeni Rasmi.