Daraja la Gasorwe na Mawe Yangu

Jumatatu, 11 Agosti. Gitega.
Bi Adventina, mkuu wa ofisi yetu, katukusanya asubuhi. Bajeti ya serikali ina pengo, kubwa kuliko la mwaka jana. Hakuna daraja jipya popote. Ila ni mwaka wa uchaguzi, kwa hiyo marufuku kuandika "hapana". Tuandike "limeahirishwa". Kazi rahisi. Tangu Mei nimeshaahirisha madaraja arobaini, na barua zote nimetia sahihi mimi kwa niaba yake. Sahihi yangu nzuri, ina mkia.

Hapa ofisini hakuna anayejua kwamba nagombea ushefu wa kilima chetu, kule Gasorwe; kwetu kilima ndicho kijiji. Kura tarehe 25. Nimeomba likizo, nimesema mama mkwe anaumwa.

Alhamisi, 14 Agosti. Gasorwe.
Basi hadi Muyinga, pikipiki hadi nyumbani. Kiuno sina. Nimewauliza watu wanataka nini. Daraja la kijitoni, wamesema wote. Gaudensia, muuza ndizi, alitumbukia mwezi jana na baiskeli na mikungu yake. Nikaahidi: serikali italijenga. Mke wangu Efrazia akauliza kwa fedha gani. Nikamwambia siasa haitaki maswali ya jikoni. Chakula cha jioni kimechelewa sana, sijui kwa nini.

Ijumaa, 15 Agosti.
Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Baada ya misa Yakobo, fundi baiskeli, shefu wa sasa na mpinzani wangu, kasema mbele ya watu kwamba maneno hata kasuku anayo. Niwaonyeshe walau jiwe moja. Jiwe! Mimi nina lundo zima kiwanjani, mawe ya msingi wa nyumba yetu, miaka mitatu nayakusanya. Nimekodi lori, yamemwagwa kando ya kijito. Nitasema yameletwa na serikali, na baada ya kura nitayarudisha. Efrazia kanuna. Hana jicho la mbali.

Jumamosi, 16 Agosti.
Leo kazi za jamii, kilima kizima kimekuja na majembe. Nimehutubu vizuri, nilikaribia kuyaamini maneno yangu mwenyewe. Makofi. Kisha Yakobo akaishukuru sana serikali, akauliza tunangoja nini: mawe yapo, watu wapo, Crispin mwashi yupo. Nikasema tumngoje mhandisi kutoka Gitega. Hakuna aliyenisikia. Kufikia alasiri kuta mbili zimesimama, juu magogo ya mikaratusi. Nami nimebeba, ningekataaje? Lile jiwe jeupe, alilolichagua Efrazia liwe kizingiti cha mlango, nimelipeleka kwa mikono yangu. Nimeumia moyoni.

Jumatano, 20 Agosti.
Kwenye pombe ya ndizi, chungu kimoja, mirija kumi, Yakobo katoa barua mfukoni. Yeye kama shefu ndiye aliyeomba daraja zamani, na hili ndilo jibu la Gitega: limeahirishwa, sababu ni pengo la bajeti. Chini, sahihi yenye mkia. Nimelifuta daraja la kilima changu mwenyewe! Majina sikuwa nasoma, barua zilikuwa nyingi. Wakauliza basi mawe kayaleta nani. Nikisema ni yangu, nilidanganya Jumamosi. Nikisema ya serikali, barua hii hapa. Nikasema barua na mawe vilipishana njiani. Gaudensia kacheka hadi mrija ukamtoka mdomoni.

Jumatatu, 25 Agosti.
Yakobo kura 412. Mimi 9. Ukoo wetu una wapiga kura kumi na wanne. Nimemtazama Efrazia. Kasema tu kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alhamisi, 28 Agosti. Gitega.
Bi Adventina kasikia kuna kilima huko Muyinga kimejenga daraja bila hata faranga moja ya serikali. Kafurahi mno. Kaniagiza niviandikie vilima vyote viige mfano huo, pengo litapungua. Nimeandika, nimetia sahihi.

Jioni Efrazia kapiga simu. Mbuzi wa jirani katumbukia kwenye shimo la msingi wetu, na yeye anataka mawe yake kabla ya mvua. Nimemjibu kwamba ombi lake limepokelewa na limeahirishwa. Kakata simu.

Si neno. Uchaguzi ujao watataka darasa. Paa la jiko letu lina mabati kumi, mapya kabisa.